Rugaruga: Wapiganaji wa Miguu Waliotikisa Tabora Bila Farasi Hata Mmoja

Ukisimama njia panda ya Tinde, mkoani Shinyanga, malori hayakatiki. Mengine yanatoka Nzega yakielekea Shinyanga na Mwanza. Mengine yanakata kushoto kwenda Isaka, Kahama, Ushirombo na Runzewe, hadi Rwanda na Burundi.

Miaka 150 iliyopita ukanda huu huu ulikuwa na pilikapilika zake. Misafara ya pembe za ndovu ilipita na mizigo kichwani, na vijana wenye magobori na vitambaa vyekundu waliivizia kwenye nyasi ndefu. Watu waliwaita rugaruga.

Dunia inawajua sana wapiganaji wa kuhamahama waliopanda farasi. Wamongolia wa Genghis Khan, Wacomanche wa Marekani, wapanda farasi wa Sokoto kule Nigeria. Wote walisumbua dola kubwa, na wote mwishowe walikutana na silaha walizoshindwa kuzijibu.

Unyamwezi na Usukuma nako kulikuwa na wapiganaji wa namna hiyo. Walihama, waliteka, walikula walichoteka na walipiga pale adui asipotegemea. Tofauti ni moja tu: hawakuwa na farasi. Na ukijua kwa nini hawakuwa nao, utaelewa pia kwa nini walishindwa.

Mdudu aliyewazuia farasi

Jibu ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Mdudu huyu hubeba vimelea vinavyoleta nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu. Ng'ombe hukonda na kufa. Farasi na punda nao hawasalimiki, na farasi ndiye dhaifu kuliko wote. Ongeza hapo ugonjwa mwingine wa farasi unaoenezwa na visubi, basi mnyama huyo hana maisha marefu kwenye nchi ya miombo.

Henry Morton Stanley alijionea mwenyewe. Machi 1871 alitoka Bagamoyo kumtafuta David Livingstone akiwa na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Wiki chache tu baadaye farasi wote wawili walikuwa wamekufa, hata Unyamwezi hawajaiona.

Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji akaja na wazo lingine: tembo wa India wabebe mizigo. Tembo wanne walishushwa pwani karibu na Dar es Salaam. Hakuna hata mmoja aliyeishi muda mrefu. Mmoja alifika Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, akafia huko. Frederick Carter, Mwingereza aliyeongoza msafara huo, naye aliuawa mwaka 1880 vitani huko Mpimbwe. Waliomuua walikuwa watu wa Mirambo.

Tinde yenyewe ina nafasi yake kwenye habari za mdudu huyu. Serikali ya Waingereza iliweka idara ya utafiti wa mbung'o Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton, na Tinde ikawa na maabara ya malale. Mwaka 1934 yalianza hapo majaribio yaliyoendelea kwa miaka mingi. Vimelea vilitunzwa ndani ya kondoo na swala, vikipitishwa na mbung'o kutoka mnyama hadi mnyama, kisha vikapimwa kwa watu kuona kama bado vinaambukiza. Kumbe vilikuwa bado na nguvu ile ile. Tinde ikaingia kwenye vitabu vya tiba kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo mzigo ulibebwa na nani? Na binadamu. Wanyamwezi na Wasukuma walisifika pwani yote kwa upagazi. Pembe, shanga, vitambaa, bunduki, mapipa ya baruti, vyote vilipanda na kushuka kwa mabega yao. Farasi wa nchi hii alikuwa pagazi.

Watuta: wageni waliokuja na mtindo mpya wa vita

Vita vya kuhamahama vililetwa magharibi ya Tanzania ya leo na Wangoni. Hawa walitoka kusini kabisa mwa Afrika, wakikimbia misukosuko ya enzi za Shaka wa Wazulu. Chini ya Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835, wakapanda kaskazini hadi Ufipa. Zwangendaba alifariki huko karibu mwaka 1848, na watu wake wakagawanyika.

Kundi moja, lililoitwa Watuta, lilishika njia ya kaskazini. Lilishambulia Ujiji, likapita Unyamwezi na hatimaye likaweka makao Runzewe, ambayo leo iko wilaya ya Bukombe, mkoa wa Geita.

Watuta hawakuwa kabila kwa maana ya ukoo mmoja. Walikuwa jeshi linalotembea. Walioteka vijiji walichukua vijana na kuwafanya askari, kwa hiyo kila vita viliongeza idadi yao. Walipigana kwa mkuki mfupi na ngao kubwa, bega kwa bega. Wenyeji, waliozoea kurushiana mishale kwa mbali, walishtuka.

Mali yao kubwa ilikuwa ng'ombe, na walipowamaliza sehemu moja walihamia nyingine. Jeshi la farasi la nyika za Asia liliishi hivyo hivyo, ila Watuta walitembea kwa miguu.

Mirambo achanganya mkuki na bunduki

Kijana mmoja mtawala wa Uyowa alijifunza haraka kutoka kwa Watuta. Jina lake lilikuwa Mirambo, aliyezaliwa karibu mwaka 1840. Alichukua kwao mtindo wa kusajili vijana wasio na familia na kuwafundisha kwenda mwendo mrefu bila kuchoka. Kisha akaongeza kitu ambacho Watuta hawakukitegemea: bunduki za pwani.

Jeshi lake ndilo lililotia jina la rugaruga midomoni mwa watu. Wengi walikuwa vijana waliokimbia njaa, watumwa waliotoroka, wapagazi walioachwa na misafara yao. Hawakulipwa mshahara. Malipo yao yalikuwa nyara. Walivuta bangi, walijipamba kwa vitambaa vyekundu, na wengine walivaa nywele na meno ya maadui kutia watu hofu.

Mirambo mwenyewe hakukaa nyuma. Alitembea na vijana wake, na alisifika kwa kutokea mahali ambapo adui alidhani yuko siku tatu mbali.

Mwaka 1871 aliifunga njia ya kwenda Ujiji. Waarabu wa Tabora, ambao biashara yao yote ilipita hapo, waliamua kumfuata. Stanley, aliyekuwa Tabora wakati huo, alijiunga nao. Mwanzoni mwa Agosti waliteka vijiji vya Wilyankuru. Wakaona kazi imekwisha, wakaanza kurudi na pembe pamoja na mateka.

Hawakujua kwamba Mirambo alikuwa amejificha kwenye nyasi kando ya njia. Kikosi cha Soud bin Sayd kilivamiwa na Waarabu waliokuwamo wakauawa. Waliobaki kambini walitimua mbio.

Haikuishia hapo. Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo aliingia Tabora yenyewe. Sehemu ya mji ilichomwa moto, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa. Stanley ilibidi azunguke kusini ndipo afike Ujiji kumpata Livingstone.

Vita viliendelea hadi 1875. Aprili 1876 Stanley alikutana tena na Mirambo, safari hii kwa amani, wakachanjiana undugu wa damu. Yule aliyemwita jambazi sasa akamfananisha na Napoleon.

Nguvu yao, na mahali ilipovuja

Jeshi la namna hii lina faida tatu. Halihitaji ghala, kwa sababu linakula kwa adui. Halina mji wa kulinda, kwa hiyo halishikiki. Na linajua nchi kuliko mgeni yeyote.

Lakini ukilitazama vizuri, kuna mahali linavuja.

Mkomanchi alitegemea farasi. Mwaka 1874 jeshi la Marekani chini ya Kanali Mackenzie liliwavamia kwenye bonde la Palo Duro, Texas. Watu waliouawa hawakuwa wengi. Askari walichukua farasi wao na kuwaua zaidi ya 1,000. Mwaka uliofuata kundi la mwisho la Wacomanche, lile la Quanah Parker, lilijisalimisha. Bila farasi hapakuwa na vita tena.

Rugaruga hawakuwa na farasi wa kuuawa. Wao walitegemea baruti, na baruti yote ilitoka pwani. Unyamwezi ulikuwa na wahunzi hodari wa majembe na mikuki, na risasi za chuma ziliweza kufuliwa. Ila baruti nzuri, fataki na bunduki zenyewe zilikuja mgongoni mwa pagazi kutoka Bagamoyo. Ndiyo maana Mirambo alihangaika sana kupata wafanyabiashara na wamishonari wa kumwunganisha na Zanzibar. Alijua kabisa kwamba aliyeshika pwani alishika pumzi yake.

La pili ni kwamba jeshi hili lilifungwa kwa mtu mmoja. Mirambo alifariki Desemba 1884, na dola yake ikaanza kumeguka. Vijana wa nyara hawana deni kwa kiti cha mtemi. Humfuata anayeshinda.

Rashasha yafika Usukuma

Mwaka 1889 Stanley alipita tena kanda hii akitoka kumtoa Emin Pasha. Safari hii alibeba kitu kipya: bunduki ya rashasha ya Maxim, aliyopewa na mvumbuzi wake, Hiram Maxim. Septemba mwaka huo, katika nchi ya Nera, msafara wake uligombana na Wasukuma na vita vikadumu siku kadhaa kabla hajafika Shinyanga, ambayo yeye aliiandika Sinyanga.

Rashasha ile ilifyatuliwa huko. Kwa watu waliozoea gobori linalochukua karibu dakika nzima kujazwa upya, silaha inayotema risasi bila kupumzika, tena kwa umbali ule, ilikuwa jambo geni kabisa. Walitawanyika.

Julai 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kutia saini mkataba. Unakumbukwa zaidi kwa kupiga vita biashara ya watumwa, lakini ulikuwa pia na vifungu vya silaha. Bunduki za kisasa zinazojazwa risasi kwa nyuma zilipigwa marufuku kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa majeshi ya serikali za kikoloni na watu wachache wenye kibali. Mlango wa baruti ulifungwa rasmi.

Isike ndani ya boma

Wajerumani waliweka bendera yao Tabora mwaka 1890. Aliyewakabili alikuwa Isike, mtemi wa Unyanyembe tangu 1876. Kama Mirambo, alikuwa na rugaruga wenye bunduki na alidhibiti ushuru wa misafara. Lakini tofauti na Mirambo, alitegemea sana boma. Kwikuru yake, neno ambalo ni ndugu wa Ikulu tunayoijua leo, ilizungushiwa kuta nene.

Mwanzoni boma lilimsaidia. Mashambulizi ya Wajerumani ya mwaka 1892 yalishindwa kuliingia. Kwa askari wenye magobori ukuta kama ule ni ngao kubwa.

Ila ukuta huo huo ulimfunga Isike mahali pamoja. Januari 1893 alikuja Luteni Tom von Prince, ambaye Waswahili walimwita Bwana Sakarani. Baada ya siku kadhaa za mapigano boma lilivunjwa. Isike aliingia kwenye ghala lake la baruti na familia yake, akalilipua. Wajerumani walimkuta bado anapumua, wakamnyonga.

Baruti iliyokuwa nguvu yake ndiyo aliyoichagua impeleke.

Linganisha na Mkwawa wa Uhehe. Naye boma lake la Kalenga lilivunjwa na Wajerumani mwaka 1894. Lakini Mkwawa alitoka, akarudi kwenye vita vya porini, akawasumbua Wajerumani hadi Julai 1898, alipojiua ili asikamatwe. Akiwa bomani alidumu siku chache tu. Porini alidumu karibu miaka 4.

Je, farasi wangebadilisha kitu?

Wengine husema laiti Wanyamwezi wangekuwa na farasi, Wajerumani wasingeweza. Kwingineko barani kuna jibu.

Kule Namibia, Hendrik Witbooi aliwaongoza Wanama waliopanda farasi na kulenga bunduki kwa ustadi. Aliwachosha Wajerumani, akakubali mkataba mwaka 1894, akaasi tena 1904 na kuuawa vitani 1905. Sokoto ilikuwa na wapanda farasi kwa maelfu. Machi 1903 walikimbiza farasi wao kuelekea kikosi cha Waingereza kilichopangwa mraba, chenye rashasha za Maxim. Mji ulitekwa siku hiyo hiyo.

Farasi angewaongezea mwendo tu. Baruti bado ingetoka pwani.

Tena mbung'o hakuchagua rangi. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Jenerali Smuts alileta Afrika Mashariki askari wapanda farasi kutoka Afrika Kusini. Kikosi cha Van Deventer kilikimbia hadi Kondoa Irangi, na njiani farasi wakawa wanakufa kwa mamia. Hadi mwaka unakwisha walikuwa wamekufa kwa maelfu. Dola yenye meli, reli na ndege ikajikuta inatembea kwa miguu kama rugaruga.

Ikabidi irudi kwa farasi wa siku zote wa nchi hii. Pande zote mbili zilikusanya wapagazi, wengi wao kwa nguvu, na makumi ya maelfu wakafa kwa njaa, kuhara na uchovu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi chao upande wa Waingereza.

Rugaruga walikwenda wapi?

Wengi hawakwenda popote. Walibadilisha mwajiri. Wajerumani waligundua mapema kwamba vijana hawa wanajua nchi, hawahitaji mshahara mkubwa na wanaridhika na nyara. Wakawatumia kama askari wa kukodi pembeni ya jeshi lao rasmi. Wanyamwezi na Wasukuma wengine waliingia jeshini kabisa, wakavaa sare za askari.

Neno rugaruga likabaki, ila maana yake ikapinduka. Aliyekuwa askari wa mtemi akawa mtu wa kuchoma maghala kwa niaba ya serikali. Hata katika vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, wapiganaji wa aina hii walitumika kuharibu chakula vijijini kusini, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi.

Hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Ustadi uleule uliomfukuzisha Stanley, yaani kwenda haraka, kula kwa adui na kupiga ghafla, uligeuzwa kwa Waafrika wengine mara tu baruti ilipobadilisha mikono. Wajerumani walihitaji kushika ghala tu. Kuishinda miguu ya rugaruga hakukuwa na haja.

Leo Mirambo anakumbukwa Tabora kwa kambi ya jeshi na shule ya sekondari ya Milambo. Runzewe ni mji wa barabarani, wasafiri wanashuka kula chakula na wengi hawajui kwamba jeshi lililotoka kwa Wazulu liliwahi kuweka makao hapo. Vichaka vya mbung'o kuzunguka Shinyanga vilifyekwa na maelfu ya wananchi tangu miaka ya 1920, hadi mradi wa HASHI ukaanza mwaka 1986 kurudisha miti iliyokatwa.

Njia zenyewe hazijahama sana. Bado zinapeleka mzigo pwani na kurudi na bidhaa za viwanda vya watu wengine.